Likizo, ruhusa, livu au mapumziko: neno lipi uandike unapotaka kukaa mbali na kazi

Mwalimu mmoja alileta barua ya mistari minne. Wakati huo nilikuwa karani wa masjala, kazi yangu ikiwa kupokea barua, kuzigonga muhuri wa tarehe na kuzipeleka kwa afisa utumishi. Kichwa chake kilisomeka: "YAH: KUOMBA KUPUMZIKA KAZI". Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja huko Songea na hapakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Alitaka miezi 6. Afisa akaisoma mara mbili, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Anaacha? Afafanue." Faili likalala mezani wiki tatu likingoja ufafanuzi, wakati mwalimu mwenyewe ameshapanda basi, moyo umetulia, akiamini ameaga vizuri. Aliporudi kufuata mshahara wake alikuta jina lake kwenye orodha ya watoro.

Hakudanganya na hakutoroka. Alikosea neno tu.

Mtaani maneno haya yote yana maana moja: fulani hayupo kazini. Mezani kwa mwajiri kila moja linajibu kivyake maswali ambayo hukuulizwa. Siku hizo nani analipa? Kiti chako kinakungoja au kinatangazwa? Na aliyeamua uondoke ni wewe au ni wao? Nitayaweka maneno hayo ubavu kwa ubavu, nikianza na yale yanayochanganywa zaidi.

Likizo na ruhusa

Likizo ina hesabu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kila mwaka, kwa malipo. Anayeomba likizo ya mwaka anadai siku ambazo tayari ni zake; mwajiri anaweza kubishana naye kuhusu lini, si kuhusu kama. Ruhusa ni kitu kingine. Neno limetoka katika Kiarabu, na wale wa umri wangu wanakumbuka Rais Ali Hassan Mwinyi alivyobandikwa jina la Mzee Rukhsa kwa kufungulia biashara zilizokuwa zimefungwa. Mwenye kutoa ruhusa anaweza pia kuinyima. Unamwendea mkuu wako, unamwambia mtoto anaumwa, anakwambia "nenda, kesho asubuhi uwepo". Hakuna fomu, na siku zako 28 haziguswi isipokuwa mkuu awe mtu wa kuhesabu senti.

Kwa hiyo kanuni ya haraka ni kwamba jambo la saa chache au siku mbili tatu ni ruhusa, na la wiki na kuendelea ni likizo. Kanuni hiyo ina tundu moja kubwa. Mtumishi wa umma anayekwenda kusoma shahada ya miaka mitatu haombi likizo, anaomba ruhusa ya masomo, na ndivyo barua zinavyoandikwa. Miaka mitatu! Nilipouliza zamani kwa nini isiitwe likizo, mzee mmoja wa masjala alinijibu kwamba likizo ni ya kulala, na shule hakuna kulala. Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Ukiwa mtumishi wa umma andika "ruhusa ya masomo", hata kama kampuni ya jirani inaita "likizo ya masomo". Faili linakwenda haraka linapokuta maneno linayoyajua.

Ukilazwa, mambo yanageuka tena. "Amepata ruhusa" ya hospitali maana yake amemaliza, anarudi nyumbani. Ya kazini maana yake anatoka lakini lazima arudi. Mara moja nilipokea simu, "mzee kapata ruhusa", na nusu saa nzima sikujua ni mzee wa wodini au wa ofisini.

Kabla ya kuvuka mpaka ukijisifu kwa siku zako 28, fanya hesabu. Zetu ni siku za kalenda: Jumamosi, Jumapili, hata sikukuu ikiangukia humo inamezwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataja siku 21, lakini za kazi. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa akizihesabu 28 zetu anapata siku 20 za kazi. Mkenya mwenye namba ndogo anapumzika siku moja zaidi. Barua nazo zina lahaja zake: hapa tunaanza na "YAH", wenzetu wanaanza na "KUH" au "MINTARAFU YA", na mtu akikutana na kichwa asichokizoea anaanza kusoma kwa mashaka.

Mapumziko: neno tamu lenye miiba

Hili ndilo lililomponza mwalimu wa Songea, na ndilo watu wanalolipenda kuliko yote kwa sababu linasema ukweli wa mwili. Mtu kachoka, anataka kupumzika. Aandike nini tena?

Tatizo la kwanza ni la kisheria. Katika sheria ya kazi mapumziko ni vitu vifupi: dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5, saa 12 kati ya siku na siku, saa 24 kila wiki. Mwenye kusoma sheria akikutana na "mapumziko ya miezi mitatu" anaona saa ya chakula cha mchana iliyovimba. Hana fungu la kukuweka.

La pili ni kubwa zaidi. Kwetu, kupumzika ni kufa. "Mzee amepumzika" si taarifa unayoitolea ufafanuzi; unavaa, unakwenda. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini mtu aliandika asubuhi kwamba mama wa mapokezi "amepumzika tangu jana", akimaanisha ameanza likizo ya uzazi. Kabla ya saa sita mweka hazina alikuwa ameshafungua orodha ya rambirambi na watu wanane wameandika ahadi zao. Mama wa mapokezi mwenyewe, akiwa mbali na simu, ndiye wa mwisho kujua kwamba amefariki. Pesa zile zilinunua nepi.

Halafu lipo umbo la kutendeshwa: kupumzishwa. Soma kurasa za michezo. Timu ikifungwa mechi nne, kocha "anapumzishwa", na hakuna anayedhani atarudi wiki ijayo. Huyo amefukuzwa kwa adabu. Kwa mchezaji, kupumzishwa ni kukaa benchi mechi moja na kurudi. Neno ni lile lile, ila hatima inategemea unavaa jezi au suti.

Ushauri wangu: mapumziko yaandikie ndani ya barua, kwenye maelezo, kama sababu. "Daktari amenishauri nipate mapumziko" ni sentensi salama. Kwenye kichwa cha barua usiliweke. Na ukiwaambia watu wa nyumbani kijijini, sema "nimekuja likizo", ili bibi asishituke.

Livu, ofu, ED na ndugu zao wa nje

Haya ni maneno ya mdomo. Livu limo hata kwenye kamusi, ni lile lile la Kiingereza lililovaa kanzu, na utalisikia sana kwa askari na kwa wafanyakazi wa zamani wa reli na bandari: "niko livu". Halina tofauti ya maana na likizo, lina tofauti ya sauti. Likizo ni ya kuandika, livu ni ya kusimulia. Ofu ni siku moja, ile zamu isiyokuhusu. Dada wa kazi wa Nairobi anayesema "Jumapili ni ofu yangu" haombi, anataarifu. ED ni cheti cha daktari kwamba usifanye kazi, na kwa Tanzania kila mtu anajua "nimepewa ED ya siku tatu" maana yake nini. Tofauti yake na likizo ya ugonjwa ni kwamba ED ni karatasi na likizo ya ugonjwa ni haki inayofunguliwa na karatasi hiyo. Haki yenyewe ni pana kuliko watu wanavyodhani: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza, yaani siku 63, kwa mshahara kamili, na 63 zilizobaki kwa nusu mshahara. Kenya ni siku 7 kamili na 7 za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya utumishi. Hapo sasa sisi ndio tuko mbele, na mbali.

Ukiwa Lubumbashi utasikia konje, kutoka Kifaransa, na mtu wa Dar akisikia "ako mu konje" atatafuta konde. Ukiwa Oman au Dubai, neno la Kiarabu la likizo ni ijaza. Liangalie vizuri, maana Kiswahili kinayo ijara, malipo ya kazi. Herufi moja tu inatenganisha kuomba kwenda nyumbani na kuomba mshahara. Kwa aliyeko kwenye mkataba wa huko, mara nyingi vyote viwili vinafaa kuombwa.

Likizo bila malipo na kuacha kazi

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, kwa sababu anayetaka kukaa miezi 6 au mwaka, kumuuguza mzazi, kumfuata mwenza aliyehamishwa, kujenga, au kujaribu biashara, mara nyingi anaona njia hizi mbili zinafanana. Zote hazina mshahara. Sasa tofauti iko wapi?

Tofauti ni kiti. Aliye likizo bila malipo bado ni mfanyakazi: jina lipo, namba ya utumishi ipo, mkataba unapumua. Aliyeacha amekata kamba, na akitaka kurudi anaomba upya kama mgeni. Upande wa pili, likizo bila malipo inakufunga. Wewe bado ni mtu wa mwajiri, na ukiajiriwa kwingine katika kipindi hicho bila kumwambia unajitafutia kesi. Aliyeacha ni huru tangu notisi yake ilipoisha, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28.

Kuna jambo ambalo watu hawaliulizi hadi liwaume. Michango ya hifadhi ya jamii inakatwa kutoka kwenye mshahara; mshahara ukisimama, na michango inasimama. Bima ya afya inayolipwa kwa makato nayo iko kwenye njia hiyo hiyo. Mtu anachukua miezi 6 kumuuguza mama, mwezi wa pili mtoto anaugua, kadi inakataa dirishani. Uliza kabla ya kutia saini, na jibu uliombe kwa maandishi.

Ukilinganisha na mwanafunzi, yeye ana neno zuri ambalo sisi hatuna: kuahirisha. Anaahirisha mwaka, anarudi anaendelea alipoishia, na hakuna anayemshangaa. Mfanyakazi hawezi kuahirisha kazi. Nimewahi kusoma barua ya kijana aliyetoka chuo juzi, "naomba kuahirisha ajira yangu kwa muhula mmoja", na ingawa tulicheka, nilimwelewa kuliko wengi waliotumia maneno sahihi. Alitaka kusema: kitu changu kikae pale pale nilipokiacha. Kwa lugha ya ofisi hiyo ndiyo likizo bila malipo.

Kujiuzulu na kustaafu nitapita haraka. Kujiuzulu ni kuacha kwa wenye vyeo; mlinzi hajiuzulu, anaacha. Kustaafu ni kwa umri, 55 kwa hiari na 60 kwa lazima katika utumishi wetu wa umma, na ukiandika "naomba kustaafu" ukiwa na miaka 38 utaulizwa mara mbili kama uko sawa.

Unapoondolewa: likizo ya lazima na kusimamishwa

Gazeti likiandika mkurugenzi "ametumwa likizo ya lazima", hakuna anayemtakia safari njema. Yuko nyumbani, wakaguzi wako ofisini kwake. Mara nyingi mshahara unaendelea, kiti kipo, lakini funguo kaziacha. Kusimamishwa ni hatua kali zaidi: jina la tuhuma limeshatajwa na hatua za nidhamu zimeanza. Kama unaweza kuchagua, na mara chache utaweza, pigania barua yako iitwe likizo. Miaka mitano baadaye mwajiri mpya akiuliza, "nilikuwa likizo" inasemeka bila kumeza mate, na "nilisimamishwa" inahitaji hadithi.

Watoro ni kundi lake. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Si wiki tatu alizozipata mwalimu wetu, ni siku tano tu. Kuandika barua na kuondoka si ruhusa. Jibu ndilo ruhusa.

Sabatiko, na jinsi ya kutodhaniwa Msabato

Wahadhiri wanayo sabatiko: baada ya miaka kadhaa ya kufundisha, mtu anapewa muda wa kuandika na kutafiti, mara nyingi kwa mshahara. Asili yake ni Mambo ya Walawi sura ya 25, ambako shamba linalimwa miaka sita na wa saba linaachwa. Harvard ilianza kuwapa maprofesa wake mwaka 1880, na vyuo vingine vikafuata. Siku hizi hata watu wa mashirika na kampuni za teknolojia wanaitaka, na wanaitafutia jina la Kiswahili.

Wengi wanakimbilia "likizo ya Sabato". Nawasihi waache. Afisa utumishi wa nchi hii akiona Sabato kwenye barua hafikirii utafiti, anafikiria Wasabato, na atadhani unaomba usipangiwe zamu za Jumamosi. Ombi hilo nalo ni halali na linaheshimika, ila si lako. Chuoni andika "sabatiko", wanaijua. Nje ya chuo andika "likizo ndefu ya utafiti" au "likizo bila malipo", kulingana na nani analipa. Ukweli ni kwamba sabatiko isiyo na mshahara ni likizo bila malipo iliyonyoa ndevu.

Uzazi na msiba

Likizo ya uzazi ndiyo iliyopewa jina baya kuliko zote. Aliyeiita likizo hakuwahi kuamka saa tisa usiku na mtoto mwenye chango. Lakini usilibadilishe jina hilo kwenye barua, maana limebeba haki nzito: siku 84 kwa mtoto mmoja, 100 kwa pacha, kwa malipo. Kenya ni miezi mitatu. Baba wa Tanzania ana siku 3 za kuchukuliwa ndani ya wiki ya kwanza, na wa Kenya ana wiki mbili. Sitasema zaidi, maana kila nikilitaja hili mbele ya akina mama mjadala hauishi.

Msiba ni mgumu kuliko unavyoonekana kwenye fomu. Sheria yetu inampa aliyefiwa na mwenza siku 4 za malipo. Mwislamu aliyefiwa na mume ana eda ya miezi 4 na siku 10. Zimegongana namba mbili, moja ya ofisi na moja ya dini, na kati yake kuna zaidi ya siku 120 zisizo na jina. Nimeona wajane wakiziita "ruhusa ya msiba", zikakataliwa kwa sababu msiba kwa ofisi umeshaisha siku ya nne. Walioandika kwa vipande walifika: siku 4 za msiba, kisha likizo ya mwaka ya siku 28, kisha likizo bila malipo kwa siku zilizobaki, kila kipande na tarehe zake, na neno eda limetajwa wazi kama sababu. Usimwachie afisa akufanyie hesabu hiyo.

Mwalimu wa Songea alijibu tuhuma za utoro, akapewa onyo la maandishi, akaniomba nimsaidie barua ya pili. Hali ya mama ilikuwa ile ile. "Kaka, niandike nini safari hii?" Tuliketi kwenye benchi la masjala. Kichwa tuliandika: "YAH: OMBI LA LIKIZO BILA MALIPO YA MIEZI 6". Aya ya kwanza ilikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuripoti kazini. Ya pili ilieleza ugonjwa wa mama, na hapo nikamruhusu atumie neno lake, kwamba mzazi anahitaji mtu wa kuwa naye anapopumzika. Ya tatu ilitaja mwalimu aliyekubali kushika vipindi vyake. Akasaini, akapitisha kwa mkuu wa shule, na akakaa kungoja jibu.

Lilitoka siku ya tisa. Afisa yule yule, kwa wino wa bluu: "Akabidhi vipindi."